Koni, Paneli, Honi au Spika Zenye Amplifaya Ndani: Muundo Upi Ukufae Nyumbani?

Spika mbili za daraja la juu zinaweza kusifiwa sawa na bado zikakupa rekodi ileile kwa namna mbili zilizo mbali kabisa. Moja inamleta mwimbaji mbele yako hadi unasikia anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Nyingine inakupa ukumbi mzima, ala zikiwa zimekaa safu kwa safu nyuma ya mstari wa spika. Chanzo cha tofauti hiyo ni uamuzi ambao mhandisi hufanya mapema kabisa: hewa ya chumbani isukumwe na kitu gani, na sauti ielekezwe wapi.

Ulinganisho huu ni kwa msomaji aliyekwisha kusikiliza, akapenda zaidi ya aina moja, na sasa hajui ashike lipi. Nitazichukua familia nne: koni ndani ya sanduku, paneli, honi, na spika zenye amplifaya na prosesa (kompyuta ndogo ya kuchakata sauti) ndani yake. Zote zimenifurahisha kwa nyakati tofauti, na zote nimezisikia zikiharibikiwa kwa kuwekwa mahali pasipozifaa.

## Vigezo vyenyewe

Cha kwanza ni sauti: ala inasikika kama yenyewe? Ngoma inapiga kwa nguvu au imelainishwa? Jukwaa, yaani picha ya mahali ala zilipokaa, lina kina, au kila kitu kimebanwa kwenye mstari mmoja?

Cha pili ni chumba, na hapa ndipo wengi hupotezea fedha zao. Wimbi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8.6 hivi, wakati la hezi 10,000 halifiki hata sentimita 4. Spika moja inatakiwa itoe yote mawili. Wimbi refu huenea pande zote na kukizunguka kila kilichopo. Fupi huenda mbele kama mwanga wa tochi. Juu ya hayo, chumba chenyewe kina noti zake: kikiwa na urefu wa mita 5, hewa yake huvuma karibu na hezi 34 na kwenye vizidishio vya namba hiyo, hata ukiweka spika gani. Kwa hiyo unachosikia ukiwa kwenye kochi ni spika na chumba kwa pamoja, hasa chini ya hezi 200 au 300.

Cha tatu ni amplifaya. Unyeti wa spika, yaani kiasi cha sauti inachotoa kwa umeme uleule, hupimwa kwa desibeli ikiwa umbali wa mita 1, ikilishwa volti 2.83, yaani wati 1 kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme). Unyeti ukishuka kwa desibeli 3, unahitaji wati maradufu kufikia sauti ileile. Ukishuka kwa 10, unahitaji mara kumi.

Cha nne ni maisha ya kila siku: ukubwa, vumbi, ukarabati, na nani mwingine anaishi humo ndani. Mwisho nitataja kila aina inamfaa nani.

## Koni ndani ya sanduku

Spika tunayoijua wote ilichukua sura yake mwaka 1925, pale Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walipoeleza muundo wa koili (waya uliozungushwa) iliyo ndani ya uga wa sumaku ikiisukuma koni ya karatasi. Tatizo lilijitokeza papo hapo: mgongo wa koni nao hutoa sauti, lakini iliyo kinyume na ya mbele. Zikikutana, besi hufutika. Sanduku lipo ili kuzitenganisha.

Sauti. Mhandisi ana njia mbili za kushughulika na hewa ya nyuma. Anaweza kuifungia kabisa, kama Edgar Villchur alivyofanya kwenye AR-1 ya mwaka 1954, akaifanya hewa hiyo iwe springi ya wufa, yaani koni kubwa ya besi. Besi ya sanduku lililofungwa hupungua taratibu, desibeli 12 kwa kila oktavu (kila hezi zinapopungua kwa nusu), na husikika kavu, yenye kuanza na kuacha kwa wakati. Au anaweza kutoboa tundu na kuweka bomba, hewa ya ndani itetemeke na kuisaidia wufa. Wazo hili ni la miaka ya 1930, lakini lilikomaa baada ya hesabu za Neville Thiele za mwaka 1961 na za Richard Small za miaka ya 1970. Besi hufika chini zaidi kwa sanduku lilelile, kisha huanguka ghafla, desibeli 24 kwa oktavu. Weka kiganja mbele ya tundu wakati ngoma kubwa inapigwa na utahisi upepo. Bomba likiwa jembamba mno kwa kazi hiyo, upepo huo huanza kufoka na sikio linaunasa.

Sanduku nalo huimba. Wahandisi wa BBC, katika miaka ya 1970, walitumia mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka zito la kufyonza mtetemo, ili milio ya sanduku ishuke na kuhamia sehemu ambayo sikio haliisumbukii sana. Watengenezaji wa spika Harbeth wanaendelea na njia hiyo hadi leo. Wenzao Magico wamekwenda upande wa pili: masanduku ya alumini, magumu na mazito, yaliyofungwa bila tundu. Ukisikiliza sauti ya mwanamke peke yake kwenye aina hizi mbili, ya kwanza ina ujoto na mwili. Ya pili ina ukimya mkubwa kati ya neno na neno. Siwezi kusema mmoja kati yao amekosea. Mimi binafsi masikio yangu huvutwa na ya kwanza kwa sauti za watu na ya pili kwa piano.

Kuna jambo ambalo halionekani kwenye picha za matangazo, nalo ni mtawanyiko wa sauti pembeni. Wufa ya sentimita 16 au 17 huanza kuibana sauti iwe mwali inapokaribia hezi 2,000, kwa kuwa urefu wa wimbi hapo ni kama upana wa koni yenyewe. Twita, yaani spika ndogo ya sauti za juu, ikishika zamu baada yake, ghafla sauti inasambaa tena kwa upana. Mbele ya spika kila kitu ni sawa, lakini ukutani kunafika sauti yenye shimo na kisha kilima, na ukuta unairudisha hivyohivyo masikioni mwako. Utafiti wa Floyd Toole, aliouanza kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, ulionyesha kwamba wasikilizaji wasioona spika wanayoisikia hupendelea ile ambayo sauti yake ya mbele imenyooka na ya pembeni inashuka kwa ulaini. Ndiyo maana utaona twita ikikaa ndani ya bakuli, au katikati ya koni kama Tannoy walivyofanya tangu 1947 na KEF tangu 1988.

Chumba. Familia hii ndiyo yenye uvumilivu mkubwa kuliko zote. Iliyofungwa hukubali kukaa karibu na ukuta. Yenye tundu la nyuma hutaka nafasi, la sivyo besi huvimba.

Amplifaya. Nyingi zina desibeli 84 hadi 90. Spika ya desibeli 87 hugeuza takriban asilimia 0.3 tu ya umeme kuwa sauti, na iliyobaki ni joto kwenye koili. Utahitaji wati za kutosha. Angalia pia omu inashuka hadi wapi, maana baadhi ya spika za gharama kubwa hushuka chini ya omu 3 na amplifaya dhaifu huchoka.

Maisha ya kila siku. Hakuna masharti. Ringi za povu zinazozunguka koni huoza kwa miaka, za mpira hudumu zaidi, na fundi wa kuzibadilisha hupatikana.

Inamfaa nani. Anayesikiliza kila aina ya muziki, ambaye huenda atahama nyumba, na asiyetaka sebule ipangwe upya kwa ajili ya spika.

## Paneli

Hapa hakuna koni na mara nyingi hakuna sanduku. Kuna utando mpana na mwepesi. Kwenye paneli za umemetuamo, utando wa plastiki wenye unene wa maikroni chache tu huchajiwa kwa maelfu ya volti na kuning'inia kati ya vyuma viwili vyenye matundu. Muziki ukipita kwenye vyuma hivyo, utando huvutwa na kusukumwa kila sehemu kwa wakati mmoja. Peter Walker, mwanzilishi wa kampuni ya Quad, aliitoa Quad ESL mwaka 1957 na bado wapo wanaoirekebisha na kuisikiliza. Ndugu yake ni paneli ya sumaku, yenye waya zilizobandikwa kwenye utando mbele ya safu za sumaku. Jim Winey alianzisha Magnepan huko Minnesota mwaka 1969 kwa wazo hilo.

Sauti. Kwa kuwa kinachosogea hakina uzito wa kutajika, na hakuna sanduku la kurudisha mlio nyuma, paneli nzuri ina uwazi ambao ukishauzoea ni vigumu kuusahau. Sikiliza gitaa la nyuzi za nailoni: unasikia kucha ikigusa uzi, kisha uzi, kisha mbao za gitaa, mambo matatu yaliyopangana. Kwaya haigeuki kuwa rundo moja, watu wanahesabika.

Udhaifu wake unatokana na umbile hilohilo. Sauti hutoka mbele na nyuma, kinyume kwa kinyume, na pembeni hufutana. Kwenye besi kufutana huko hula nguvu, hivyo paneli tupu haina pigo la kifuani. MartinLogan wamejulikana kwa jibu la wazi: paneli iliyopinda juu, wufa ya koni chini. Ugumu ni kuzifanya mbili hizo ziongee kwa kasi moja, na kwenye modeli nyingine mshono husikika pale selo au sauti nzito ya mwanamume inapovuka kutoka moja kwenda nyingine.

Upana wa utando nao hubana sauti za juu. Ukiegemea kushoto kidogo tu, mwimbaji aliyekuwa katikati anahama na wewe. Walker alilishughulikia hili kwenye ESL-63, iliyoingia sokoni mwaka 1981: aliugawa uso katika pete na kuzichelewesha kwa mpangilio, ili sauti itoke kana kwamba imeanzia nukta moja nyuma ya paneli. Ni moja ya kazi za uhandisi ninazoziheshimu kuliko zote katika fani hii.

Chumba. Usijaribu kuibandika ukutani. Sauti ya nyuma inahitaji kuchelewa kabla ya kurudi, na mita 1 ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Kwa upande mwingine, ubavuni haitoi sauti nyingi, kwa hiyo kuta za pembeni zilizo karibu haziisumbui kama zinavyoisumbua koni, na besi yake huamsha mivumo michache ya chumba.

Amplifaya. Unyeti ni mdogo. Ya umemetuamo ni kama kapasita kubwa, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji: kadiri noti inavyopanda ndivyo omu zinavyoshuka, wakati mwingine hadi karibu na 1. Amplifaya isiyotulia itaonyesha udhaifu wake hapa. Paneli za sumaku zina omu zilizonyooka zaidi, ila zinakula wati.

Maisha ya kila siku. Chaji huvuta vumbi. Vumbi likikutana na unyevu, paneli huanza kutoa milio midogo ya kupasukapasuka, na utando huweza kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka. Ya umemetuamo huhitaji pia soketi ya umeme.

Inamfaa nani. Mwenye nafasi nyuma ya spika, anayekaa kiti kimoja akasikiliza kwa makini, na ambaye moyo wake uko kwenye sauti za watu, nyuzi na kumbi.

## Honi

Koni ya kawaida inasukuma hewa vibaya kwa sababu yenyewe ni nzito na hewa ni nyepesi. Honi ni gia kati ya hivyo viwili: kooni shinikizo ni kubwa, mdomoni hewa ni nyingi. Paul Klipsch alianza kuuza Klipschorn mwaka 1946, na unyeti wake unatajwa kuwa desibeli 105.

Sauti. Fanya hesabu kati ya desibeli 105 na 87. Tofauti ni 18, karibu mara 63. Kile ambacho koni inakifanya kwa wati 100, honi hii inakifanya kwa wati 1 na nusu hivi. Maana yake masikioni ni kubwa kuliko sauti ya juu tu. Kiwambo hakisogei sana, hivyo upotofu ni mdogo, na koili haipati moto wa kuibana ngoma inapopigwa ghafla. Trampeti inatoka kama trampeti. Rekodi ya moja kwa moja ina uhai hata ukiipiga kwa sauti ya chini usiku, na hili la usiku ndilo watu wasilolitarajia.

Dosari yake ya jadi ni rangi. Honi ikikatika ghafla mdomoni, sehemu ya sauti hurudi kooni, na sauti ya binadamu husikika kama inatokea puani kidogo, kama anayeongea akiwa ameweka viganja mdomoni. Mikunjo ya kisasa ya mdomo, iliyochongwa kwa hesabu za kompyuta, imelipunguza tatizo hili sana. Usiihukumu honi ya leo kwa kumbukumbu ya vipaza sauti vya mikutano.

Chumba. Kushika hezi 40 kikamilifu bila msaada, mdomo wa honi ungehitaji mzingo wa karibu mita 8.6, yaani kipenyo cha mita 2.7. Klipsch aliikunja honi ya besi na kuisukuma kwenye kona, ili kuta mbili na sakafu ziwe mwendelezo wa mdomo. Kwa hiyo unahitaji kona mbili safi, zisizo na mlango wala dirisha la kuvuruga. Watengenezaji wengine, kama Avantgarde wa Ujerumani, huacha honi zishike sauti za kati na za juu, besi ikapewa wufa zenye amplifaya zake. Kwa kuwa honi hulenga sauti mbele, chumba chenye mwangwi mwingi huiharibu honi kwa kiasi kidogo kuliko kinavyoiharibu koni. Ila kaa mbali: madereva yake, yaani vipande vinavyotoa sauti, yanahitaji umbali ili sauti zao ziungane.

Amplifaya. Hapa amplifaya ndogo ya valvu (mirija ya kioo ya zamani) hupata makao yake. Lakini unyeti huo hukuza pia mvumo na mlio wa “sss” wa amplifaya yenyewe. Isiyo na ukimya utaisikia ukiwa umekaa.

Maisha ya kila siku. Ni kubwa na zinaonekana. Hakuna namna ya kulizunguka hilo.

Inamfaa nani. Mpenzi wa jazi, bendi za moja kwa moja na ngoma, mwenye chumba kikubwa au kona nzuri, anayetaka nguvu bila kupandisha sauti.

## Spika zenye amplifaya na prosesa ndani

Spika za familia tatu zilizopita kwa kawaida hugawa sauti kwa krosova ya koili na kapasita, baada ya amplifaya. Hizi hugawa kwanza, kwa hesabu za kidijitali, kisha kila dereva hupewa amplifaya yake.

Sauti. Imenyooka, na mshono kati ya madereva ni mgumu kuusikia. Jambo kubwa zaidi ni udhibiti wa mwelekeo. Kii Three, ambayo fikra zake ni za mhandisi Bruno Putzeys, hutumia madereva ya pembeni na nyuma kufuta sauti inayokwenda nyuma. Dutch & Dutch 8c hufanya hivyo kwenye sauti za kati kwa mianya iliyo ubavuni, kisha wufa mbili za nyuma hushirikiana na ukuta kwenye besi. Matokeo ni besi ambayo ina sura: unasikia noti ipi imepigwa, pale ambapo spika kubwa zaidi ingekupa mvumo. Wapo wanaosema zimekosa haiba. Nadhani wanachokikosa mara nyingi ni kilima cha besi cha chumba chao walichokizoea, lakini ladha ni ya mtu na hiyo si sababu ya kuidharau.

Chumba. Ni rafiki wa vyumba vigumu. 8c imekusudiwa kukaa karibu na ukuta, jambo ambalo lingeharibu paneli. Prosesa inaweza pia kushusha noti ambazo chumba kinazivimbisha. Kumbuka tu kwamba inaweza kushusha kilima. Shimo lililotokana na mawimbi kufutana halijazwi kwa kuongeza wati.

Amplifaya. Suala limeisha. Anayefurahia kubadilisha amplifaya na kusikia tofauti atakuwa amefungiwa mlango.

Maisha ya kila siku. Vifaa ni vichache na waya ni chache. Hofu ya kweli ni umri: koni ya mwaka 1970 unaweza kuifufua leo, ila bodi ya elektroniki inategemea mtengenezaji bado awepo na awe na vipuri. Uliza kuhusu vipuri kabla ya kulipa.

Inamfaa nani. Mwenye chumba kidogo au chenye umbo baya, asiyetaka rafu ya vifaa, anayetaka usahihi.

## Ukiamua kwa hali yako

Kama spika lazima zikae karibu na ukuta, anza na zenye prosesa au sanduku lililofungwa, na uache paneli kabisa hata kama ulizipenda dukani.

Kama tayari una amplifaya unayoipenda, iache iongoze. Wati 8 za valvu zinakuelekeza kwenye honi. Amplifaya yenye nguvu na iliyotulia kwenye omu ndogo inakufungulia paneli na koni zilizo ngumu kuendesha.

Kama mnasikiliza watu wengi mkiwa mmekaa huku na kule, koni yenye mtawanyiko laini, hasa ile yenye twita katikati, itawatendea haki wengi zaidi. Ukiwa peke yako kwenye kiti kimoja, paneli inakuwa na maana.

Kama majirani wako upande wa pili wa ukuta, sikiliza kila spika kwa sauti ya chini kabla ya kitu kingine. Honi na zenye prosesa hubaki na uhai hapo; baadhi ya paneli na masanduku yenye unyeti mdogo husinzia.

Kama unatarajia kuhama, epuka kitu kinachotegemea kona au mita nyingi za nafasi.

Na kama bado umekwama kati ya mbili, omba kuzijaribu nyumbani kwako. Tumia rekodi tatu: sauti ya mtu peke yake, gitaa la besi linalopanda ngazi noti kwa noti, na kundi kubwa. Kwenye besi, sikiliza kama noti zote zina uzito mmoja au moja inaruka juu ya wenzake. Kisha simama, tembea hadi mlangoni, endelea kusikiliza ukiwa nje ya chumba. Spika ambayo sauti yake ya pembeni ina kasoro husikika ya ajabu ukiwa huko, hata kama kwenye kiti ilikuwa tamu.